Dunia ya Karatasi

Mwalimu aliposhika msumeno, Chiriku alianza kulia.

"Usiikate dunia yangu, mwalimu. Iache hivyo hivyo."

"Tusipoikata, wazazi wataonaje tabaka zake?"

Wazazi wakacheka, isipokuwa wawili: mama yake Chiriku, aliyekaa dirishani, na baba yake, fundi cherehani, aliyesimama mlangoni. Siku ya wazazi ndiyo iliyowakutanisha. Baba alikuwa akilala kwa kaka yake, wiki ya pili sasa.

Ni barua iliyowatenganisha. Miaka minne mama alisoma madarasa ya jioni, mtoto akisinzia mapajani. Akaomba nafasi chuo cha uuguzi, mji wa mbali, akangoja. Alipochoka kungoja alipiga simu.

"Dada, ulikubaliwa," karani alishangaa. "Barua iliachwa chini ya mlango wako. Umekaa kimya, nafasi tumempa mwingine."

Nani mwingine wa kuificha? Mume ndiye aliyenuna tangu mwanzo: "Miaka miwili! Mtoto nimlee na nani, na cherehani?"

"Haki ya Mungu sijaiona," aliapa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mama alijibu, akamtolea begi nje.

Faraja yake ikabaki kazi ya shule ya Chiriku, kutengeneza mfano wa dunia. Jioni tatu walikaa sakafuni, yeye na Chiriku, wakibandika magazeti kwa uji wa unga: kiini cha nje, kisha koti nene, mwisho ganda jembamba lenye bahari za buluu. Kiini cha ndani Chiriku alikileta tayari, kimekazwa kama ngumi.

"Hiki nimetengeneza mwenyewe. Usikiguse, mama."

"Haya, bibi mkubwa."

"Na sasa huendi tena, eti?"

"Siendi, mwanangu. Wamenifungia mlango."

Chiriku alimkumbatia kwa mikono yenye uji, na usiku ule akalala fofofo.

Msumeno ulipita kwenye ganda, ukapita kwenye koti. Katikati ukagoma. Mwalimu akasukuma, dunia ikaachana vipande viwili, na kiini kikafumuka kiganjani mwake. Halikuwa gazeti. Ilikuwa karatasi nyeupe, ngumu, yenye muhuri wa chuo na nusu ya jina la mama.

Mama akageuka kutazama mlangoni. Baba alikuwa akimtazama mtoto.

"Lakini mwalimu," Chiriku alisema kwa kwikwi, "si ulituambia huko katikati hakuna mtu aliyewahi kufika?"