Fundo Alilolitaka Kidawa

Mchwa waliishi ndani ya kompyuta ya Simba, wakimchorea picha za michezo yake. Walihamahama katika vyumba vinne ambavyo mafundi huviita viini, na kila walipohama, rangi zilimwagika njiani na picha zikakwama.

Mchwa mmoja mwerevu, Kidawa, akamwambia fundi Kinyonga, “Bwana fundi, tufunge, kila mmoja na chumba chake.”

Kinyonga akawafunga kwa kamba miguuni. Picha zikateleza, Simba akafurahi.

Siku moja vita vyote vya mchezo vikaangukia chumba cha Siwema, mdogo wake Kidawa. Kazi ikamzidi, joto likapanda.

“Dada, njoo unipokee.”

“Nimefungwa, mdogo wangu.”

“Kwani huko kwako kuna kazi?”

“Hakuna. Nimekaa tu.”

“Basi mwambie fundi akufungue.”

Kidawa akamwita Kinyonga.

“Picha bado zinakwenda,” Kinyonga akajibu.

Kidawa akamwomba Mungu, akavuta kamba mpaka mguu ukachubuka. Fundo halikulegea. Akabaki akisikiliza mpaka Siwema aliponyamaza.

Picha zikasimama, Simba akanguruma. Kinyonga akamfunga mchwa mwingine katika chumba kile kile, kisha akamgeukia Kidawa.

“Akili yako imetufaa sana, mama.”