Chai Mbili za Jumanne

Simu ilitetemeka mfukoni wakati fundi lifti ameinama nusu mwili ndani ya shimo la lifti, bisibisi mdomoni. Akaitoa simu kwa vidole vya grisi, akasoma. Mkahawa wa Kona, saa kumi kasorobo. Chai mbili. Kadi ya mke.

Bisibisi ikamdondoka, akaisikia ikigonga kuta mpaka chini.

Hii ilikuwa Jumanne ya nne mfululizo. Ya kwanza alijiambia mkewe alikuwa na kiu. Ya pili alijiambia ana kiu sana. Ilipofika ya tatu hakuwa tena na la kujiambia. Wivu ukamfanya asukume sahani kando kila mlo.

Na aliyeitaka kadi hiyo ni yeye mwenyewe. Kadi moja, mambo yote: basi, duka, hospitali, hata mlango wa nyumba unafunguka ukiugusisha. Siku ya kujiandikisha mkewe aliigeuzageuza kiganjani kwa mashaka.

"Mambo yote humu ndani?" alisema. "Basi atakayeishika hii, kanishika na mimi."

"Unapenda kuwaza mabaya, mama watoto."

Karani alipouliza ujumbe wa matumizi uende kwenye simu ya nani, fundi alitaja namba yake kabla mkewe hajafungua mdomo. Fundi mwenyewe, kwa mambo yake madogo madogo, aliendelea na noti. Mwanamume hawezi kuacha alama kila anapokanyaga.

Kilichomuuma zaidi ni ule ujeuri wa mkewe. Si angelipa kwa noti kama watu wengine wenye siri zao? La, alitoa kadi, akijua fika kwamba mumewe atasoma. Au huyo bwana hana hata hela ya chai, analipiwa? Fundi alishamchora kichwani: mrefu, shati limepigwa pasi, kucha hazina grisi. Alimchukia mpaka viatu vyake.

Juzi Jumapili alimpima mkewe. Alimkuta chumbani anakunja nguo kwa haraka ile ya madobi, maana hospitali ilimlipa kwa kazi hiyo hiyo.

"Jumanne ukitoka kazini unapitia wapi?"

"Kwani huwa napitia wapi?" Alichukua shati la bluu la mumewe, akalikagua pindo karibu na dirisha. "Huu mshono si wangu."

"Lilifumuka kazini. Kuna fundi cherehani jengo lile lile, akanisaidia."

"Jengo la lifti ya Jumamosi?"

"Ndilo."

"Nayo lifti hiyo haiponi tu, baba watoto. Kila Jumamosi."

"Ni kuukuu. Usinigeuzie maneno, nimekuuliza wewe."

Mkewe akacheka kidogo, akaendelea kukunja. Kicheko hicho ndicho kilichomnyima fundi usingizi siku mbili. Mtu anayecheka hivyo, alijiambia, ana mahali anapopendwa.

Leo basi. Alimwambia mwenzake tumbo linamsokota, akavua ovaroli, akapanda basi. Hata mkahawa wenyewe ulimuudhi. Mji mzima huu, amekosa pa kunywea chai ila pale panapotazamana na jengo la lifti yake ya Jumamosi?

Akiwa kitini akafungua programu ya kadi kwenye simu, akatafuta palipoandikwa: Funga kadi ya mke. Ni kubonyeza mara moja tu. Hana basi, hana duka, hana mlango wa kuingilia. Akalale kwa huyo huyo wa chai. Kidole kilimwasha, lakini alitaka kwanza amwone huyo mtu kwa macho yake, amkunje shati mbele ya mkewe, ndipo abonyeze. Miaka kumi na saba ya ndoa. Alipoikumbuka, macho yakamjaa machozi, akageukia dirishani abiria wasimwone. Alimpenda mwanamke yule, na hiyo ndiyo taabu yake.

Aliteremka kituo kimoja mbele, akaishusha kofia mpaka kwenye nyusi, akazungukia uchochoroni. Wenye maduka wa mtaa ule walikuwa na midomo, na hakutaka salamu zao.

Mkahawa wa Kona ulikuwa na kioo kipana upande wa barabarani. Mkewe alikaa akikielekea, bado amevaa sare ya kazini, ametulia kama yuko kwake. Mwenzake wa mezani alifichwa na nguzo. Kilichoonekana ni mkono tu, ukikoroga sukari polepole, mkono wa mtu asiye na haraka ya kuondoka.  Fundi akaweka kidole gumba tayari juu ya kitufe, akavuka barabara bila kutazama magari, akasimama mbele ya kioo.

Mezani, katikati ya vikombe viwili, palikuwa na shati lake la bluu, limekunjwa vizuri.

Na aliyekuwa akikoroga sukari, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, alikuwa mwanamke wake wa Jumamosi.

Mkewe aliinua macho, akamwona, wala hakushtuka. Akasukuma kiti cha tatu kwa mguu kikatoka chini ya meza, kisha akampa mhudumu kadi.

Simu ikatetemeka mkononi mwa fundi. Mkahawa wa Kona, saa kumi na nusu. Chai tatu.