Sekunde Tatu za Babu

"Sekunde tatu ni chafya tu, babu!"

"Basi kesho kapige chafya kabla ya kuondoka," alijibu, huku akinyoosha ringi ya baiskeli yangu. Juu ya kichwa chake, ukutani mwa karakana, rekodi yake ya kushuka mlima ilikuwa imeandikwa, haijavunjwa kwa miaka thelathini: dakika nne na sekunde tisa. Asubuhi hiyo mimi nilitumia nne na kumi na mbili.

Alipoingia stoo kutafuta spana, nilimgeukia bibi. Yeye ndiye aliyeshika saa siku ile ya rekodi, kule chini darajani, mwisho wa mbio.

"Kweli alitumia nne na tisa?"

Bibi alicheka mpaka akajifuta macho. "Kule juu walipunga kitambaa ili nibonyeze saa. Lakini kulikuwa na ukungu, mume wangu, sikukiona. Nilibonyeza alipotokeza kwenye kona ya kwanza."

Kutoka kileleni hadi kona ile ni sekunde kumi nzima. Kumbe bingwa ni mimi!

Babu alitoka stoo. "Mnaniteta nini?"

Kicheko kilimkauka bibi. Akanitazama.

"Anasema ulikuwa na kasi ya ajabu," nilimjibu babu. "Hata kuondoka kwako hakukuona."