Springi ya Kabureta ya Pili

Jumamosi, saa nne asubuhi, manyunyu. Fundi alikuwa amekwisha kuifunga upya injini ya pikipiki ya marehemu kaka yake. Sasa alikuwa akirudisha kabureta mbili zinazoingiza mafuta kwenye injini.

Alipofungua ya pili, aliiona springi inayofunga njia ya mafuta dereva anapotaka kupunguza mwendo. Ilikuwa imekatika, ikaungwa kwa waya mwekundu. Waya huo aliufunga yeye mwenyewe, kaka yake akiwa hai, "kwa siku mbili tu," akasahau. Ncha yake ilikuwa imenasa, njia ya mafuta imebaki wazi.

Mjane wa kaka yake alichungulia begani kwake. "Shemeji, umeona jini humo?"

Fundi aliuchomoa waya.

"Kakako na mwendo wake! Kona kali vile, hakupunguza, akatuacha. Sijamsamehe mpaka leo."

Fundi alimwekea waya kiganjani, akamweleza ni nani aliyeufunga na jinsi ulivyonasa. Mjane alivuta kigoda, akaketi.