Macho Mazito

"Dada, fungua bwana! Nimechoka!"

"Choka kimyakimya," dada yake akamjibu kutoka nje ya stoo ya jezi. Ufunguo alikuwa ameutia kifuani. "Mechi haijaisha."

Ndani, mdogo mtu akaipiga ndoo teke. Ndoo haikuwa na kosa, lakini hasira zilikuwa zimemfika kooni. Msimu mzima anasikiliza mpira kama kipofu, naye ana macho mawili mazima! Mwaka jana, timu ilipokuwa inashuka daraja, alitazama kipigo baada ya kipigo, hakukwepa hata kimoja. Leo ni mechi ya mwisho. Wakishinda, wanarudi ligi kuu. Alitaka kitu kimoja tu duniani, kuwaona wakirudi kwa macho yake mwenyewe, na ndicho hicho walichomnyima.

Chanzo cha yote ni tumbo. Mechi ya kwanza ya msimu lilimkata, akashinda chooni, timu ikafunga manne. Ya pili akawepo uwanjani, wakafungwa matatu. Ya tatu gari likamharibikia njiani, wakashinda. Basi, maneno yakaanza: huyu ana mkosi, macho yake mazito. Wakubwa wa klabu wakakaa kikao. Tangu hapo, nyumbani wanamfungia stoo. Ugenini anabaki ndani ya basi, mapazia yameshushwa. Na kibaya zaidi, timu ikawa inashinda tu! Sasa angebisha vipi?

Wachezaji nao wanafiki. Kabla ya mechi walimpa mkono mmoja mmoja, nyuso za huruma kama wamekuja kumwona mgonjwa, kisha haohao wakamsukumia ndani. Mapumziko walimtoa kidogo, akafoka mpaka sauti ikamkauka, wakamrudisha.

"Ngapi ngapi?" akauliza.

"Bila bila. Dakika za mwisho hizi."

"Beki wa kushoto amepanda tena?"

"Amepanda."

"Mpumbavu yule! Si nilimwambia!" Akaegemeza paji la uso mlangoni. "Dada, mimi mdogo wako, tumbo moja. Nionee huruma. Nichungulie tu."

Dada akasonya. Kisha kufuli likalia. Pengine alimhurumia, pengine alichoshwa na kelele zake.

Alitoka mbio mpaka mwisho wa njia ya kuingilia uwanjani. Jua, nyasi, jezi zao. Jamani, walivyopendeza! Hapohapo wapinzani wakapora mpira, wakapita palepale alipopaacha wazi yule beki, shuti, mwamba! Uwanja mzima ukaguna. Mpira ukarudi miguuni mwa wapinzani tena.

Hakungoja kuona. Aligeuka, akakimbia, akajitupa stoo na kuuvuta mlango mwenyewe.

"Funga! Dada, funga haraka!"

Akaketi sakafuni kwenye rundo la soksi chafu, akajichukia. Mtu mzima na akili zake, ameanza kuyaamini mambo haya! Alitaka kulia, alitaka kuvunja kitu, na ndoo ilikuwa mbali.

Uwanja ukalipuka.

"Goli la nani?" akapiga mlango kwa ngumi zote mbili. "Dada! La nani?"

"Letu!" Dada alikuwa anarukaruka, vishindo vyake vilisikika. "Letu, mdogo wangu! Kichwa! Kona! Ungeliona!"

"Ningeliona," akasema, na machozi yakamtoka, hata yeye hakujua ni ya furaha au ya uchungu.

Filimbi ya mwisho ikalia. Mlango ulipofunguliwa, mwenyekiti wa klabu aliingia akitweta, akamkumbatia mpaka mbavu zikamuuma.

"Tumepanda! Na kamati imepitisha hapohapo jukwaani, hakuna aliyepinga: mkataba mpya, miaka mitatu, ligi kuu. Hatutaki kocha mwingine ila wewe!" Akazitupia macho kuta za stoo. "Na humu ndani tutakupigia rangi."