Kitako Kilichopigwa Msasa

Kaka zake waligawana shamba, Nambua wakamwachia bunduki ya marehemu baba yao. "Chukua hilo chuma," walimwambia wakicheka. Baada ya arobaini akaipeleka kwa Mzee Shekigenda, fundi wa silaha, apate kujua ameachiwa nini.

Fundi alishusha wenzo ulio chini ya kifyatulio, akaurudisha. Ukalia vizuri.

"Hii ni ya zamani sana, mwanangu. Siku hizi hazipatikani." Kisha akakigeuza kitako cha mti, akakunja uso. "Mbona imeoga kuliko mimi?"

"Niliipiga msasa, mzee, siku tatu. Sikutaka kuileta chafu."

"Ungeiacha ilivyokuwa, thamani yake ingekuwa mara tatu."

"Kwa sababu ya uchafu?"

"Haukuwa uchafu." Aliiinua begani, akalaza shavu kwenye kitako. "Mtu akilenga hivi miaka arobaini, jasho na ndevu zake hula mti. Panakuwa na kibonde cheusi, hapa. Hukukiona?"

Nambua alikiona. Ndicho kilichomsumbua kuliko kutu yote. Alikisugua kutwa nzima mpaka kikawa sawa na mti mwingine.

"Nilidhani mti umeoza," alisema.

Fundi aliilaza bunduki mezani taratibu, kama anayelaza mtoto.

Nambua akatazama mikono yake. Ndani ya kucha bado mlikuwa na vumbi jeusi la kile kibonde. Alikunja vidole, akavifumba, akatoka nje akiwa amevifumba hivyo hivyo, na bunduki ikabaki mezani.