Mdudu Aliyekula Maneno

Fito za mianzi zilitapakaa mezani, kila ufito na mstari wake wa maneno ya mwanafalsafa wa Uchina ya kale. Kamba iliyozifunga ilikwisha kuoza, na mpangilio ukapotea nayo. Bi. Thureya alizisoma zote, ila hakujua upi ulikuwa wa mwisho: ule uliosema "Nimechoka kufundisha," au ule uliosema "Wanafunzi wanarudi." Na kesho makumbusho yangezichukua.

"Shoga, kubali tu, mdudu katushinda," alisema Mwanakheri, msomi mwenziwe, akigusa matundu yaliyotobolewa kwenye fito. "Mlafi huyu kala hata neno 'mbingu'!"

Bi. Thureya aliinama. Tundu la ufito mmoja lilikuwa chini. La mwingine, juu kidogo.

"Hebu ngoja. Alizitoboa zikiwa bado zimefungwa pamoja, akipita huku anapanda. Tumfuate."

Wakazipanga kuanzia ufito wenye jina la kitabu, matundu yakipanda kama ngazi, hadi ufito wa mwisho: "Wanafunzi wanarudi."

Bi. Thureya akafuta machozi. "Ahsante, mlafi wangu. Mungu akupe shibe."

Mende akakatiza sakafuni. Mwanakheri akavua ndala, akainua mkono, na Bi. Thureya akaudaka hewani.